Mana ya Shimanzi

Mzee Zefania alitia vijiko vitatu vya sukari kwenye chai ya matanga ya baba yangu. Nilivitazama vyote vitatu vikiingia. Alikoroga bila haraka, kijiko kikigonga kikombe, akanywa, akapangusa masharubu, kisha akasema lile lililomleta. Kanisa liko tayari kumzika baba kwa heshima zote, kengele, kwaya na mchungaji mwenye joho, tukikubali jambo dogo tu. Jumapili mimi na mama tusimame mbele ya waumini, tuseme kwamba baba alitubu kabla ya kukata roho.

"Semeni tu alitubu," alituambia. "Hamtapungukiwa na kitu. Kwani nani atamwuliza?"

Mama alikuwa ameketi mkekani, kanga imemfunika mpaka kwenye paji la uso. Zefania akamngojea kwa upole wa mtu anayejua atajibiwa anavyotaka, maana kanisani hakuna asiyejua kwamba mama ndiye aliyemsihi baba miaka nenda miaka rudi atubu yaishe.

Naandika haya nikiwa na hasira, na sina nia ya kuipoza ili nionekane mtu mwema. Nyinyi mliokulia kwenye mabenchi ya kanisa wakati mmoja nami mnajua kutengwa ni nini. Kwa asiyejua, kanisani kwetu mtu akisemwa ametenda dhambi kubwa, jina lake husomwa hadharani, akakatazwa Meza ya Bwana, akapelekwa benchi la nyuma. Hukaa huko mpaka siku atakapokwenda mbele, asimame kwenye zulia jekundu, aungame kosa lake watu wasikie. Akifa hajaungama, kengele haipigwi. Baba yangu alipelekwa benchi hilo nikiwa darasa la tatu, na amelikalia mpaka nimekuwa mwanamke mwenye watoto wangu. Kosa aliloambiwa ni wizi wa sukari. Na aliyelisoma jina lake siku ile ni huyu huyu aliyekuwa akikoroga chai yetu.

Mvuke wa ile chai tamu ulinifikia pale nilipokaa, na harufu yake ikanirudisha utotoni moja kwa moja, kwenye vyumba vyetu viwili vya Mji wa Kale.

Tulikuwa wapangaji wa Bi. Khadija. Yeye alikaa ghorofani, sisi chini, ambako chokaa ya ukuta ilikuwa ikimenyeka na kutuangukia kitandani. Jioni harufu ya udi wake ilishuka ngazi ikakutana na harufu ya samaki wa mama, na mimi nilidhani nyumba zote za dunia zinanuka hivyo. Baba alikuwa Mtaita aliyeshuka milimani kutafuta kazi, akapata ukarani kwenye ghala moja la Shimanzi. Kazi yake ilikuwa kuhesabu magunia yanayoshushwa kwenye malori na yanayotoka. Alirudi shati likinuka gunia, ile harufu ya katani kavu na vumbi, na kabla hajavua viatu nilikuwa nimeshamrukia.

Ghala lilikuwa la sukari. Hilo ndilo lililonitesa. Baba alishinda kutwa katikati ya milima ya sukari, na sukari yetu tulinunua duka la Makadara, imefungwa kwenye karatasi, mama akaimimina kwenye kopo na kulificha juu ya kabati. Kikombe kilipata kijiko kilichofutwa kwa kisu kikawa bapa. Watoto wa Mzee Zefania, ambaye alikuwa nyapara wa ghala hilo hilo, walikuja kanisani na sukari mifukoni wakiilamba kwa kidole kilicholowa mate. Nilikuwa nikiwatazama na kumeza mate.

Zefania huyo huyo alikuwa mzee wa kanisa, na ndiye aliyetufundisha shule ya Jumapili. Nitampa haki yake, alijua kusimulia. Alitusimulia habari za wana wa Israeli jangwani, jinsi walivyoamka asubuhi wakakuta mana imetanda chini, nyeupe, tamu kama asali, kila mmoja akaokota ya kutosha nyumba yake. Kisha akacheka akasema, "Msidhani Mungu ameacha. Hata leo anamwaga. Waulizeni wanangu chai yao ikoje."

Mimi niliyachukua hayo kama yalivyo. Nyumbani nilikuwa nimeshawasikia wakubwa wakisema sukari ya Shimanzi humwagika, na wafanyakazi huifagia wakagawana, na kwamba hayo waliyaita mafagio. Basi nikajua. Usiku Mungu humwaga sukari juu ya bati la ghala, asubuhi watu wa kanisa letu huiokota, na baba yangu peke yake, kwa kiburi nisichokielewa, hataki kuinama. Nilimwonea hasira kubwa. Nililala nikimwombea Mungu amlainishe kiuno.

Wala sikuwa peke yangu katika kumsonga. Ramadhani ilipokaribia Bi. Khadija alisimama kwenye ngazi, mkono kiunoni.

"Baba Wakesho, mpangaji wangu wa kabla yako alikuwa akifanya kazi kuko huko kwenu. Kila Ramadhani akiniletea sukari ya kaimati bila kuambiwa. Wewe waniona nikinunua dukani, na wanyamaza."

"Ile sukari ina mwenyewe, Bi. Khadija," baba alimjibu.

"Nami nna kaimati zangu za futari," akasema, akapanda juu akigonga viatu kila ngazi ili baba ajue amekasirika.

Na mama naye. Mama hakupiga kelele, yeye alisema akiwa amempa mgongo, anapepeta mchele. "Wenzako wote ni Wakristo. Wanafunga, wanatoa sadaka, wazee wa kanisa wamo. Wewe umekuwa mtakatifu kuliko wazee?"

"Mimi kazi yangu ni kuhesabu, mama Wakesho. Nikihesabu kisha nikanywa nilichohesabu, nitakuwa nahesabu nini?"

"Wanakuita Malaika Karani. Mke wa Zefania ameniambia mbele za watu. Hawali nawe tena, unakula peke yako nyuma ya mizani. Unajua hilo linanipa raha gani mimi?"

Baadaye nimekuja kufahamu kwamba kule ghalani kutochukua lilikuwa ndilo kosa lenyewe. Aliyechukua kifurushi chake alikuwa amefungwa mdomo pamoja na wenzake, na asiyechukua angeweza kusema siku yoyote. Kila jioni walimwekea kifurushi mezani, na kila jioni alikiacha pale pale, akaaga, akatoka. Hakusema neno juu yao. Hilo la kutosema nalo halikuwatosha.

Likizo moja mama alikuwa mjamzito na miguu imemvimba, akanituma nimpelekee baba chakula. Nilivuka Makadara na kikapu kichwani, nikapita kando ya malori yaliyokuwa yakinguruma mpaka ardhi ikitetemeka, nikafika. Mlinzi wa lango alinijua kwa sura ya baba. Ndani ya ghala kulikuwa na joto la kukaba, bati likilia kwa jua, wachukuzi wakipita na magunia mgongoni, jasho limechora mifereji kwenye vumbi. Baba alikula pale nyuma ya mizani, kweli peke yake, akanirudishia bakuli na kitambaa chake. Akaniambia nirudi moja kwa moja nisichezee njiani, akaenda kupokea lori.

Sikutoka moja kwa moja. Nilitaka kuona mana.

Nikazunguka nyuma ya magunia, na nikaiona. Mzee Zefania alikuwa amechutama mbele ya gunia, turubai limetandikwa chini, na mkononi alikuwa na bambo, kile chuma chenye ncha na mfereji wanachochomea gunia kutazama kilichomo. Alilichoma gunia ubavuni, na sukari ikatoka ikitiririka kwa mlio mwembamba, nyeupe, ikafanya kichuguu kizuri. Alipotosheka akachomoa bambo, akalisugua tundu kwa kidole likajifunga, akahamia gunia la pili.

Mtu mzima angejua anaangalia nini. Mimi nilimkumbuka Musa na fimbo yake, alivyoupiga mwamba maji yakatoka. Nikafurahi moyoni kwamba nimekuwepo.

Zefania alipogeuka akaniona, kwanza uso ulimshuka. Kisha akatabasamu, tena kwa meno yote.

"Umeona nini, Wakesho?"

"Mana," nikamwambia.

Alinitazama kwa muda. Sijui kama nitawahi kusahau utazamaji ule. Alikuwa akipima jambo, na mimi nikadhani anapima kiasi cha kunipa.

"Baba yako hapendi kuinama," akasema. "Wewe inama badala yake. Lete bakuli."

Nikalitoa bakuli. Akalijaza kwa mikono yake miwili, akalifunika kwa kitambaa cha mama, akalifunga fundo kwa ustadi, akalirudisha kikapuni. Akaniambia nitembee polepole isimwagike. Nilimshukuru. Nilimuaga kwa adabu zote nilizofundishwa, nikaenda zangu nikiwaza uso wa mama atakapofungua.

Msinisubiri niseme najilaumu. Nilikuwa mtoto, na mtoto aliyeambiwa na mwalimu wake wa dini kwamba Mungu anamwaga, ataamini kwamba Mungu anamwaga. Anayestahili lawama namjua kwa jina na kwa vijiko vyake vya sukari.

Langoni, yule mlinzi ambaye hakuwahi kupekua kikapu cha mtoto alinisimamisha. Zefania alikuwa ameshafika kwa njia nyingine na kusimama kivulini. Kitambaa kikafunguliwa. Wachukuzi wakakusanyika, na baba akaitwa.

"Karani, sukari hii ya nani?" mlinzi akauliza.

Baba aliitazama, akanitazama mimi. Zefania akamsogelea na kusema kwa sauti ya chini, lakini mimi nilikuwa hapo miguuni pao na nilisikia. "Sema ni mafagio yako. Nenda nayo nyumbani, mama watoto atapona hata miguu. Hapa kila mtu ana yake. Leo tutakuwa kitu kimoja, yaishe."

"Nani amekupa?" baba akaniuliza.

"Mzee Zefania. Ni mana."

Walicheka wote. Baba hakucheka. Alinishika mkono, mkono wa pili akachukua bakuli, tukavuka uwanja kwenda ofisi ya tajiri wa ghala, na watu wakaacha kucheka. Tajiri alikuwa anaongea na simu. Baba akaliweka bakuli juu ya meza yake na kumngojea amalize.

"Sukari hii ni yako," alimwambia. "Imetoka kwenye magunia ya ukuta wa nyuma. Imetiwa kwenye kikapu cha mwanangu. Siichukui, wala sitaki isemwe niliichukua."

Zefania alikuwa ametufuata, kofia mkononi. "Bosi, mimi ndiye niliyemkamata," akasema. "Amekuwa akimtumia mtoto. Nimemvumilia kwa sababu tunasali pamoja." Aliyasema hayo huku sauti ikimtetemeka kwa huzuni, mtu asingemdhania uongo. Tajiri alimjua nyapara wake tangu ghala lijengwe, na baba alikuwa karani wa juzi. Hakuuliza la pili. Baba alitoka Shimanzi alasiri ile bila kazi, na lile bakuli letu tupu ameliweka kichwani.

Tulipofika karibu na Makadara nilikuwa nalia, maana nilikuwa nimefahamu kwamba kuna kitu kibaya ingawa sikujua ni kipi. Baba akachutama akanifuta uso kwa kiganja chake chenye vumbi.

"Sikiliza, Wakesho. Mana ilianguka yenyewe. Hakuna aliyeitoboa. Ukiona mtu anatoboa, hiyo si mana."

Hiyo ndiyo mara pekee aliyowahi kulizungumza nami.

Jumapili ya pili yake, wazee wa kanisa walikuwa wameshakaa kikao chao. Zefania alisimama pale mbele kwa suti ya kijivu akasoma: ndugu fulani, kwa kosa la wizi, na kwa kumshirikisha mtoto mdogo katika dhambi, ametengwa na Meza mpaka atakapoungama. Mtoto mdogo ni mimi. Nilikuwa nimekaa benchi la watoto, na watoto wenzangu wakageuka kunitazama, wengine wakiwa na chembe za sukari kwenye midomo. Nimeishi kwenye nchi yenye mambo mengi ya kukasirisha, lakini sijaona la kulifikia hilo. Mwizi amesimama madhabahuni anamtenga aliyekataa kuiba, na kanisa zima linaitikia amina.

Baba aliinuka, akachukua Biblia yake, akatembea mpaka nyuma. Aliketi. Wimbo ulipoanzishwa akauimba kwa ile sauti yake nene, na kwa kuwa ilitoka nyuma sasa, ilisukuma sauti zetu zote mbele.

Jina la mwizi likafika mpaka Mji wa Kale, kama habari zote. Baba alitafuta kazi huku na kule, wakamkataa. Mwisho alikwenda kwa mfanyabiashara mmoja wa nafaka wa Makadara, mtu wa msikitini ambaye Bi. Khadija alimjua tangu utoto wake. Yule bwana akaja mlangoni kumwuliza Bi. Khadija, huyu mpangaji wako ana tabia gani, nimesikia ni mwizi wa sukari.

Bi. Khadija alikuwa bado na kinyongo chake cha kaimati. "Mwizi yupi?" akasema kutoka juu dirishani, mtaa mzima ukasikia. "Huyu? Amekaa kwenye sukari Ramadhani ngapi, hajanionjesha hata kijiko. Nimekuwa nikimsema kwa hilo, na wewe wanambia ni mwizi? Kama ni mwizi basi mimi nimedhulumiwa."

Baba akaajiriwa siku ile. Lalamiko la Bi. Khadija ndilo lililotulisha mpaka nikamaliza shule, na kila Ramadhani baada ya hapo baba alimpelekea sukari, iliyonunuliwa, na risiti juu yake ili amchokoze. Bi. Khadija aliipokea huku amenuna, akashusha sinia la kaimati jioni.

Lakini kanisani mambo hayakubadilika. Wapo waliomwambia ahamie kanisa lingine ambako hakuna benchi la nyuma. Akasema akihama itakuwa amekimbia, na mtu hukimbia alichofanya. Mama naye akawa anazidi. Aliona aibu, na sitamlaumu. Ni yeye aliyekutana na wanawake wenzake kisimani na kwenye vikao vya akina mama, wakaacha kuzungumza anapoingia. "Nenda mbele useme neno moja tu," alimwambia. "Mungu anajua ukweli. Unasema, unashuka, unakula Meza kama wenzako."

"Niende nimdanganye Mungu nyumbani kwake, ili wanadamu wanipe mkate wake?"

Nilipopata kipaimara na kuila Meza kwa mara ya kwanza, nilitoka kwenye reli ya madhabahu nikapita benchi letu la vijana nikaenda kukaa naye nyuma. Divai ilikuwa bado kwenye ulimi. Akainama sikioni kwangu, jitu zima lenye mvi, akauliza kwa shauku ya mtoto, "Ikoje siku hizi?"

"Chachu," nikasema.

"Ndivyo ilivyo," akasema, akaegemea, akafumba macho. Nilitaka kuvunja kitu. Mimi niliyebeba lile bakuli nimekula, na yeye hakula.

Kisha kulikuwa na ile Jumapili ambayo sasa ndiyo imekuwa msingi wa kila kitu. Mama alikuwa amelia wiki nzima. Alimpigia pasi shati jeupe, akalitundika mlangoni. Baba akalivaa. Mchungaji alipouliza kama yupo mwenye kuungama, baba akainuka kutoka nyuma, na mama akashika mkono wangu kwa nguvu. Watu waligeuka wote. Alitembea mpaka kwenye zulia jekundu akasimama, mikono imeshuka ubavuni.

"Umekuja kutubu nini, ndugu?" mchungaji akamwuliza.

"Nimekuja kutubu hasira," baba akasema. Sauti yake ilijaa kanisa. "Nina hasira na Mzee Zefania, tangu siku ile. Naamka nayo, nalala nayo. Nimeomba iondoke haiondoki. Hiyo ndiyo dhambi yangu, na ninaomba mnisaidie. Kuiba sikuiba."

Zefania alikuwa kwenye kiti cha wazee, mkono umefunika mdomo. Mchungaji alimgeukia, wakanong'ona, akarudi. Akasema kanisa haliwezi kupokea toba ya nusu. Akamwomba arudi nyuma akatafakari.

Baba akarudi. Shati lake jeupe lilipita benchi kwa benchi mpaka nyuma. Hakwenda tena mbele. Siku ya harusi yangu alikaa huko huko, na mjomba ndiye aliyeniingiza, kwa sababu aliyetengwa hapiti katikati ya kanisa akiwa na bibi harusi. Niligeuka mlangoni nikamwona amejipamba na ua kifuani, amekaa peke yake.

Basi huyo ndiye mtu ambaye Zefania, akiwa na vijiko vitatu tumboni, alitaka tumsemee kwamba alitubu.

Nilikuwa nimeshafungua kinywa kumfukuza. Mama akaninyooshea mkono nisiseme. Akaisogeza kanga nyuma, na macho yake yalikuwa makavu.

"Alitubu, Mzee," akasema.

Zefania akapumua. "Bwana asifiwe. Basi Jumapili..."

"Ulikuwepo. Alisimama pale kwenye zulia akatubu hasira yake juu yako. Mkamrudisha. Mimi ndiye niliyempigia pasi lile shati, nalikumbuka." Alizungumza taratibu, kama anayepanga vyombo. "Jumapili nitasimama mbele, kama unavyotaka. Nitasema alitubu. Nitasema pia alitubu nini, na kwa ajili ya nani. Na binti yangu huyu atasema aliona nini nyuma ya magunia. Kisha mpige kengele."

Nimemjua mama yangu maisha yangu yote, na nilikuwa sijamsikia akisema hivyo. Zefania aliangalia kikombe chake. Akasema labda wazee watalizungumza upya, labda si lazima kusimama, na kwamba msiba ni msiba. Akavaa kofia yake, akatoka, na chai ikabaki nusu.

Kengele haikupigwa. Mchungaji hakuja, alituma pole. Wajukuu wa Bi. Khadija ndio waliotangulia kubeba jeneza kutoka kwenye kichochoro chetu, wakipokezana na wenzetu wachache, na yeye mwenyewe, mkongwe asiyeshuka ngazi tena, alikaa dirishani mpaka tukapotea. Makaburini Biblia niliisoma mimi, mpaka mwisho.

Jumapili iliyofuata mama aliamka mapema akavaa vazi lake la akina mama wa kanisa, na kola yake nyeupe. Nilidhani atakaa mbele na wenzake, mahali pake pa siku zote. Akapita. Alikwenda mpaka nyuma akaketi pale pa baba, ambapo ubao umelainika kwa kukaliwa. Nikaketi ubavuni mwake. Wakati wa Meza ulipofika, watu waliinuka benchi kwa benchi, na mama, ambaye hajawahi kutengwa hata siku moja, hakuinuka. Nami sikuinuka. Zefania ndiye aliyeshika sahani ya mkate, na benchi zote zilipokwisha alisimama nayo akitutazama, na mkate mwingine ulikuwa umebaki.

Tumefanya hivyo kila Jumapili tangu hapo. Watu wananifuata nje ya kanisa wananiambia nisamehe, yamepita, mzee mwenyewe amekwisha zeeka. Wanasema kusamehe ndiko kumfuata Kristo. Huenda. Baba alijaribu hilo mbele yao wakamrudisha nyuma, kwa hiyo wasinifundishe leo. Mimi hasira yangu ninayo, na ninaijua njia ya kuitoa.

Kila Jumapili mchungaji huuliza kama yupo mwenye neno la kuungama. Zulia jekundu limefuliwa, limetandikwa, na liko hatua chache tu kutoka kwenye kiti cha wazee. Zefania huangalia vidole vyake. Sisi tuko nyuma, mimi na mama, tunamngojea.